Senti Ishirini kwa Kila Pipa



Mwaka 2011, wiki chache tu baada ya Sudan Kusini kupandisha bendera yake, ndege binafsi iliwafikisha Juba mawakala wa kampuni ya Glencore wakiwa na dola 800,000 taslimu. Fedha hizo zilichukuliwa kwenye dirisha la keshia lililokuwa ndani ya makao makuu ya kampuni, katika mji mdogo wa Baar nchini Uswisi, na vitabuni zikaandikwa kama gharama za ofisi. Zilikuwa hongo. Waliokusudiwa ni maofisa wa serikali changa, ambayo sheria yake ya petroli ilikuja kutungwa mwaka uliofuata, na kilichotafutwa ni shehena za mafuta ghafi, mafuta yaliyokuwa karibu pato lote la serikali hiyo. Hizi si tetesi za magazetini. Kampuni tanzu ya Glencore iliyoko London ilikiri makosa yake mbele ya mahakama mwaka 2022.

Nimeanza na Juba kwa sababu Juba ni kwetu. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Watu wake wengi wamelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Nairobi na Kampala, na ukikutana nao sokoni mtaelewana kwa Kiswahili. Walioibiwa ni majirani zetu, na waliibiwa wakiwa bado wanashangilia uhuru.

Nina hoja moja yenye sehemu mbili. Rushwa katika biashara ya kimataifa ya mafuta hufichwa ndani ya senti, mahali ambapo mwananchi hawezi kuiona. Na siku inapofichuliwa, fedha zinazolipwa huenda kwa aliyemkamata mwizi, si kwa aliyeibiwa. Tukiyaelewa mambo haya mawili, tutajua kazi yetu ni ipi.

Tukitaja rushwa ya mafuta, wengi hufikiria vitalu na leseni za uchimbaji: mawaziri, mikataba minono, sherehe za kutia saini. Rushwa ninayoizungumzia huja baadaye, mafuta yakiwa yameshatoka ardhini. Shirika la mafuta la taifa limepata fungu lake na linapaswa kuliuza. Mara nyingi halina meli, halina matangi Rotterdam wala Singapore, halina hata watu wa kutosha wa kufuatilia soko usiku na mchana. Hapo ndipo zinapoingia kampuni za biashara ya mafuta. Kazi yao ni kununua huku na kuuza kule. Kubwa kati yao ni Vitol, Trafigura, Glencore na Gunvor. Majina haya hatuyaoni barabarani, ingawa vituo vya Puma ni mali ya Trafigura, na Vivo, inayouza mafuta Kenya kwa nembo ya Shell, ni ya Vitol. Glencore na Trafigura zinatoka katika ukoo mmoja. Marc Rich alianzisha kampuni yake Uswisi mwaka 1974. Waliotoka kwake wakaanzisha Trafigura mwaka 1993, na mwaka uliofuata waliobaki wakaipa kampuni yenyewe jina la Glencore.

Sasa tuje kwenye bei, maana moyo wa jambo uko hapa. Mafuta ghafi hayauzwi kwa bei ya kubuni. Kuna bei ya rejea, kwa Afrika Magharibi ni ile ya Brent ya Bahari ya Kaskazini, kisha muuzaji na mnunuzi hukubaliana nyongeza au punguzo: labda dola moja juu, labda senti sabini chini. Bei ya rejea hutangazwa ulimwengu mzima kila siku. Nyongeza au punguzo hujulikana na watu wachache waliomo chumbani. Meli inayopakia pwani ya Afrika Magharibi hubeba kiasi cha mapipa 950,000. Pipa likiwa dola 80, senti 20 hazionekani. Mkaguzi wa hesabu atazipita bila kusita, kwa sababu ubora wa mafuta, tarehe ya kupakia na umbali wa bandari vyote vinaweza kuwa sababu halali ya tofauti hiyo. Zidisha, upate dola 190,000. Hiyo ni meli moja, na shirika la taifa linaweza kuuza meli kadhaa kwa mwezi.

Hongo hununua vitu vya aina tatu. Inaweza kununua shehena yenyewe, yaani jina lako liwe kwenye orodha ya wanaogawiwa. Inaweza kununua tarehe nzuri ya kupakia, kwa sababu katika soko linalopanda na kushuka siku tano zina thamani ya fedha nyingi. Au inaweza kununua siri. Mtu aliyewahi kusimama kwenye mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, ataielewa ya mwisho upesi: ukijua mapema kila mnunuzi mwenzako ataishia wapi, huhitaji kuwa tajiri kuliko wote, unahitaji kuongeza shilingi mia tu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Petrobras, shirika la mafuta la Brazil. Mmoja wa watumishi wake waliokuwa wakifanya biashara kutoka Houston aliwasiliana kwa jina la bandia la Batman, na kilichouzwa ni taarifa za ndani kuhusu zabuni, ili mnunuzi ajue afike wapi ashinde. Desemba 2020 Vitol ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 160 kwa mamlaka za Marekani na Brazil kwa ajili ya hongo nchini Brazil, Ekuador na Meksiko. Machi 2024 Trafigura nayo ilikiri kosa katika mahakama ya Marekani: kati ya 2003 na 2014 iliwahonga watu wa Petrobras, na kuanzia 2009 ilikubali kuwapa hadi senti 20 kwa kila pipa. Kichwa cha mhadhara huu nimekitoa katika kesi hiyo.

Naomba mzitazame hesabu zake. Trafigura ilitoa hongo ya dola milioni 19.7 nchini Brazil, ikapata faida ya takriban dola milioni 61. Gunvor, iliyokiri kosa mwezi huohuo, ilikuwa imewalipa mawakala zaidi ya dola milioni 97 ikijua kwamba sehemu yake ni ya kuwahonga maofisa wa Ekuador; faida yake ilizidi dola milioni 384. Katika hesabu hizo mojawapo ya matumizi ni saa ya dhahabu ya Patek Philippe aliyonunuliwa ofisa mkubwa wa Petroecuador, shirika la mafuta la Ekuador. Kesi ya Angola ndiyo inayonikera kuliko zote. Januari 2025 mahakama ya shirikisho ya Uswisi huko Bellinzona iliitia hatiani Trafigura pamoja na mmoja wa waliokuwa wakurugenzi wake wakuu, hukumu ambayo sheria inaruhusu ikatiwe rufaa. Kwa maelezo ya mashtaka, ofisa wa kampuni tanzu ya Sonangol, shirika la mafuta la Angola, alipewa yuro milioni 4.3 na dola 604,000, na kampuni ikavuna dola milioni 143.7. Zaidi ya mara ishirini ya kilichotolewa. Wazee wa pwani walisema penye udhia penyeza rupia, lakini hapa aliyepenyeza rupia hakuwa na udhia wowote. Alikuwa anawekeza.

Hizo ni faida za kampuni peke yake. Hasara ya taifa haiishii hapo, kwa sababu ofisa aliyekwisha kununuliwa hawezi tena kumdai mnunuzi wake bei nzuri, wala kumwondoa anapochelewesha malipo, wala kumkaribisha mshindani. Anakuwa mfanyakazi wa watu wawili, na mwenye nguvu kati yao ni yule anayeweza kumfichua.

Nimetaja mawakala. Niseme zaidi juu yao, maana bila wakala biashara hii haifanyiki. Kampuni kubwa yenye wanasheria na wakaguzi haimtumii ofisa hongo kutoka akaunti yake. Inaingia mkataba na mtu wa kati, mara nyingi mwenyeji mwenye jamaa serikalini, anayelipwa kwa huduma za ushauri wa soko. Ankara inakuja, inaandikwa vizuri, inalipwa. Fedha zinapita kwenye kampuni zisizo na wafanyakazi huko Panama au Visiwa vya Virgin vya Uingereza, halafu zinajitokeza kwenye akaunti ya shemeji wa mtu. Swali ambalo mhasibu yeyote mwaminifu angeuliza ni moja: mtu huyu alishauri nini, na ushauri wake uko kwenye karatasi gani? Katika kesi ya Nigeria watumishi wa Glencore walikuwa wakiandikiana kuhusu magazeti, majarida na kurasa wakimaanisha hongo. Wakenya hawatashangaa. Katika kashfa ya kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman, iliyowahonga watumishi wa tume ya uchaguzi ili ichapishe karatasi za kura, hongo iliitwa kuku, na Kenya nzima ikaijua kesi hiyo kwa jina la ndege huyo.

Ni vema pia tukumbuke kwamba nchi zinazotufundisha utawala bora zilichelewa sana kuiona hongo kuwa kosa pale inapotolewa ugenini. Marekani ilipiga marufuku hongo kwa maofisa wa nchi za nje mwaka 1977. Nchi za Ulaya zilikaa miaka ishirini zaidi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Uswisi au ya Ujerumani ingeweza kuihesabu hongo aliyopewa ofisa wa kigeni kuwa gharama ya biashara na kupunguziwa kodi kwa ajili yake. Mkataba wa nchi za OECD dhidi ya hongo ulitiwa saini Desemba 1997. Uingereza ilipata sheria madhubuti mwaka 2010. Kwa hiyo kizazi kizima cha wafanyabiashara wa mafuta kilijifunza kazi wakati ambapo hongo ilikuwa na mstari wake halali kwenye hesabu za kodi.

Sasa niende Southwark.

Southwark ni mahakama ya jinai iliyo kusini mwa mto Thames, London. Huko ndiko Glencore Energy UK, ile kampuni tanzu ya London, ilikohukumiwa tarehe 3 Novemba 2022 na Jaji Fraser, baada ya kukiri makosa saba ya hongo yaliyohusu Nigeria, Kameruni, Kodivaa, Guinea ya Ikweta na Sudan Kusini. Hongo zilifikia dola milioni 28 hivi. Kampuni iliamriwa kulipa takriban paundi milioni 281: faini ya paundi milioni 182.9, faida iliyotaifishwa paundi milioni 93.5, na gharama za uchunguzi. Fedha hizo ziliingia serikalini Uingereza. Nigeria ilipeleka wanasheria kuomba isikilizwe juu ya fidia. Jaji akaamua kwamba haina haki ya kusikilizwa, kwa sababu kesi ilikuwa kati ya waendesha mashtaka wa Uingereza na mshtakiwa, na hasara yenyewe ilionekana kuwa ngumu mno kukokotolewa katika mahakama ya jinai. Nchi tano za Kiafrika zilitajwa kwenye hati ya mashtaka, na amri ya mahakama haikuzipa hata senti moja.

Mnaweza kudhani sheria ya Uingereza hairuhusu. Inaruhusu, na sisi Watanzania ni mashahidi. Desemba 2010, katika mahakama hiyohiyo ya Southwark, kampuni ya silaha ya BAE Systems ilitozwa faini ya paundi 500,000 kwa kutotunza kumbukumbu sawasawa za malipo kuhusu rada iliyoiuzia Tanzania. Ilikiri kosa la uwekaji hesabu, haikukiri rushwa. Lakini ilikuwa imekubaliana na waendesha mashtaka kulipa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, na fedha hizo zilifika mwaka 2012 zikanunua vitabu vya shule na madawati. Mwaka 2015 mahakama ya London iliidhinisha Standard Bank iilipe Tanzania dola milioni 6 pamoja na riba ya zaidi ya milioni moja kwa kashfa ya hatifungani. Fedha zilizotokana na kesi ya kuku zilirudi Kenya, zikanunua magari ya wagonjwa. Njia ipo, basi. Imepitwa mara tatu, na mara zote tatu Afrika Mashariki ilifaidika.

Kwa nini basi nchi za mafuta hazikupita humo? Tazameni Brazil, ambayo ilipata fungu lake. Katika malipo ya Vitol, dola milioni 45 zilihesabiwa kwa ajili ya Brazil. Katika malipo ya Glencore ya mwaka 2022, Brazil ilipata karibu dola milioni 40. Haikupewa kwa huruma. Waendesha mashtaka wake walikuwa wamechunguza Petrobras kwa miaka, walikuwa na mashahidi, miamala ya benki na barua pepe ambazo Wamarekani walizihitaji. Walikaa mezani kwa sababu walikuja na jalada lao. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo, kwa makosa ya kipindi cha 2007 hadi 2018 yaliyohusu zaidi shaba na kobalti ya Katanga kuliko mafuta, ilidai yenyewe na Desemba 2022 Glencore ikakubali kuilipa dola milioni 180. Tunaweza kubishana kama kiasi hicho kinatosha. Mimi naona hakitoshi. Lakini kililipwa Kinshasa.

Somo hili, la kuja na jalada letu wenyewe, limekuwa la haraka zaidi tangu Februari 2025, pale Rais Donald Trump aliposaini amri ya kusimamisha kwa muda utekelezaji wa ile sheria ya 1977. Miezi michache baadaye uchunguzi uliruhusiwa kuendelea kwa masharti mapya yanayotanguliza maslahi ya Marekani. Ni haki yao kupanga sheria zao. Sisi hatuna haki ya kuwategemea. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu hongo za mafuta Afrika tumeyajua kwa sababu waendesha mashtaka wa New York na London waliamua kutazama. Wakiacha kutazama, nani atatazama?

Sisemi kwamba faini hazina maana. Glencore ililipa zaidi ya dola bilioni 1.1 Marekani peke yake, na dirisha lile la keshia la Baar lilikuwa limeshafungwa. Waliokuwa watumishi wake wameshtakiwa London, na kesi yao haijaamuliwa, kwa hiyo nisiseme zaidi. Lakini katika mwaka uleule wa 2022 Glencore ilipata faida halisi ya dola bilioni 17.3. Faini ya namna hiyo huumiza kwa robo moja ya mwaka. Kinachobadilisha tabia ni mtu kujua kwamba kila shehena aliyoinunua itaweza kufunguliwa na kuhesabiwa upya na mwenye mali.

Na jambo hili linatuhusu kuliko wakati wowote uliopita. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na limesanifiwa kupitisha hadi mapipa 246,000 kwa siku. Senti 20 zikikatwa kwenye kila pipa la kiasi hicho, ni dola 49,200 kila siku, karibu dola milioni 18 kwa mwaka. Serikali ya Uganda itauza fungu lake tu, najua, na sina sababu ya kumshuku mtu yeyote. Nataja hesabu hii ili tuone ukubwa wa kishawishi kitakachokaa kwenye meza ya ofisa mwenye mshahara wa kawaida, siku ambayo wakala atampigia simu.

Ghana ilianza vizuri. Sheria yake ya mapato ya petroli ya mwaka 2011 inaitaka serikali itangaze mapato hayo kila robo mwaka, tena magazetini, na iliunda kamati ya wananchi yenye mamlaka ya kuuliza. Mpango wa kimataifa wa uwazi katika sekta ya uziduaji, ambao Tanzania iliingia 2009 na Uganda 2020, nao unataka nchi zieleze zinavyouza fungu la serikali. Ningependa twende mbali zaidi ya hapo. Kila shehena itangazwe kwa jina la mnunuzi, tarehe ya kupakia, idadi ya mapipa, bei ya rejea na ile nyongeza au punguzo. Kila mnunuzi atangaze wakala wake, na alichomlipa. Na kila mkataba uwe na kifungu kinachosema kwamba mnunuzi akitiwa hatiani popote duniani kwa hongo iliyohusu mafuta haya, faida yake yote ni mali ya hazina yetu.

Wanafunzi wa uchumi, uhasibu na sheria mlioko hapa, kazi ngumu ni yenu. Iliposemwa London kwamba hasara haiwezi kukokotolewa kwa urahisi, ilikuwa ni kauli ya kitaalamu, na kauli ya kitaalamu hujibiwa kwa utaalamu. Taasisi za kupambana na rushwa, yaani TAKUKURU ya Tanzania, EACC ya Kenya na wenzao wa Kampala, zinahitaji watu wanaoweza kuchukua mkataba wa mafuta, bei za soko za siku ile, ubora wa mafuta na ratiba ya meli, wakaonyesha mbele ya jaji pipa lingeuzwa kiasi gani kama hongo isingekuwapo. Mafunzo hayo yanaweza kuanza sasa, kwa kutumia hati za kesi ambazo zimeshatolewa hadharani Marekani na Uingereza. Kumbukumbu za kwetu zianze kutunzwa tangu shehena ya kwanza itakayopakiwa Chongoleani.